Barua ya wazi kwa wakubwa wa michezo: watoto wa badminton tunawapoteza huku kumbi zimepigwa kufuli

Kwa viongozi wote mnaoshika dhamana ya michezo Tanzania, kuanzia maafisa michezo wa wilaya na mikoa mpaka vyama na ngazi ya taifa

YAH: KUMBI, VIFAA, MASHINDANO YA SHULE NA MCHUJO WA HAKI KWA VIJANA WA BADMINTON

Waheshimiwa, salaam na poleni na majukumu.

Naandika mimi kocha wa kujitolea wa badminton, au vinyoya kama wengi tunavyouita, kwa niaba ya wazazi na makocha wenzangu tunaofundisha watoto jioni baada ya kutoka kazini. Tunajua barua za namna hii zinawakwaza wakubwa, mtu anaona kaanikwa hadharani, na kwa kweli hatukutaka tufike huku. Tulianza na barua ya kawaida yenye mhuri wa serikali ya mtaa, tukaambiwa iko kwenye faili, tukafuatilia tukaambiwa mhusika yuko safari, mhusika akarudi tukaambiwa tuandike nyingine maana ile ya kwanza haionekani, tukaandika, na mpaka leo hamna aliyetujibu hata kwa kutukatalia. Ofisi sitaitaja jina. Wahusika wanajijua, na nyie wengine someni tu mjue hali ikoje huku chini.

Nianze na hili maana ndo jibu tunalopewa kila siku, eti badminton haina watu. Waheshimiwa, watu wapo! Piteni mtaani saa kumi na moja jioni wakati wa likizo mtakuta watoto wamefunga kamba ya kuanikia nguo kati ya mwembe na nguzo, wana zile raketi za pea za Kariakoo zinazouzwa na kinyoya cha plastiki ndani ya mfuko mmoja, na wanaosubiri zamu ni wengi kuliko wanaocheza. Nendeni kwenye kumbi za jumuiya za Wahindi pale Dar usiku mkaone watu wazima wanavyolowa jasho. Ni mchezo ambao haudai watu ishirini na mbili wala uwanja wa nyasi, dada anacheza na kaka yake, mama anacheza na mwanae, na mtoto wa kike haambiwi akae pembeni aangalie. Kupendwa unapendwa. Ila ukiuliza katika hao watoto wa kamba ya nguo ni yupi amefika timu ya taifa, hapo ndo kila mtu anakaa kimya. Kati ya mtaa na timu ya taifa hamna kitu kabisa, na hicho cha katikati ndicho kinachotengeneza wachezaji kila nchi inayofanya vizuri. Malalamiko yetu ni haya.

1. Kumbi zipo ila hatuingii

Badminton ya ushindani inachezwa ndani kwasababu kinyoya kina gramu 5 hivi na kaupepo kadogo tu kanakipeleka kanakotaka. Mtoto anayekulia nje anajifunza kuishi na huo upepo, anapiga chini chini, bapa na haraka kabla kinyoya hakijapeperuka, na mtaani anakuwa hatari kweli. Siku ukimuingiza ukumbini ndo unaona shida. Uwanja una urefu wa mita 13.40, mpinzani anakiinua kinyoya juu kule karibu na dari, kinamshukia nyuma kabisa, na yeye hajawahi kurudi kinyumenyume kufuata kitu cha hivyo, mguu wa kulia haujui uende wapi, mkono unachelewa, anaishia kupiga kwa kiwiko. Ninaye binti wa miaka 13 wa namna hiyo. Pale mbele kwenye neti mikono yake ni ya ajabu, anakigusa kinyoya kidogo tu kinadondoka upande wa pili kimelala kwenye wavu, watu wazima wanabaki wanaangaliana. Lakini zile kona mbili za nyuma hazijui, na kona za nyuma hazifundishiki kwenye upepo, na kila mwezi unaopita mwili wake unazidi kuzoea makosa ambayo akifika miaka 16 itakuwa kazi kubwa sana kuyatoa.

Ukumbi tuliokuwa tunautegemea ni wa umma, umejengwa kwa hela za umma na mistari ya badminton iko sakafuni mpaka leo. Tunaambiwa tulipie kwa saa bei ileile anayolipa mwenye harusi. Tukichanga tukapata, Jumatatu tunakuta sakafu inanata soda, meza zimerundikwa katikati ya uwanja, na pini za mapambo zimezagaa, watoto wengine wanacheza peku. Tunapiga deki wenyewe na ndoo zetu ndo tuanze mazoezi, na muda tuliolipia unahesabiwa tangu mlango ulipofunguliwa. Na feni tukiomba zizimwe kwasababu zinasukuma kinyoya, mlinzi anasema hana ruhusa. Hatuna ugomvi na harusi za watu, tunahudhuria na tunachangia. Tunachouliza ni kwanini Jumanne na Alhamisi mchana jengo la michezo limepigwa kufuli halina mtu ndani na watoto wako nje ya geti wameshika raketi.

Denmark ni nchi ya watu karibu milioni 6 tu, na baridi kama ile, lakini ndo kwao Viktor Axelsen aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo na akaichukua tena Paris 2024. Hakuanzia kambi ya taifa. Alianza na miaka 6 kwenye klabu ya mjini kwao Odense, kwenye nchi ambayo klabu za mtaani zina ukumbi na mtoto yeyote anaingia. Mwaka 2016 hao hao wakawa taifa la kwanza nje ya Asia kubeba Kombe la Thomas, ambalo ndo kombe la dunia la timu za wanaume. Huo ni ukumbi uliokuwa wazi jioni, miaka na miaka.

2. Vinyoya

Watu wengi wanadhani gharama ya mchezo huu ni raketi. Raketi unanunua mara moja, nyuzi zikikatika unatia nyingine. Kinachotumaliza ni vinyoya. Kile cha kushindania kinatengenezwa kwa manyoya 16 ya bata, likivunjika moja tu kinaanza kuyumba hewani na hakifai tena kwa mechi, na wachezaji wawili wazuri wanaweza kuua kadhaa kwenye mchezo mmoja. Tyubu ina vinyoya 12. Mzazi anayeuza mbogamboga hawezi kununua tyubu kila wiki, hilo halihitaji mahesabu.

Kwahiyo tunafanya hivi. Tunaenda kwenye klabu za watu wazima wakimaliza kucheza tunaomba vile walivyotupa, tunavichambua usiku, vilivyovunjika manyoya mawili matatu ni vya kurushia watoto wakati wa kufundisha miguu, vilivyo vizima kidogo ni vya mechi, na kabla ya kutumia tunavipitisha juu ya mvuke wa birika ili manyoya yalainike yasikatike haraka. Watoto wangu wanajua kinyoya kimechoka kwa kukisikiliza kinavyolia kwenye raketi. Nawapenda kwa hilo, ila sio namna ya kumuandaa mtu aende akapambane na wenzie wanaofunguliwa tyubu mpya kila siku. Na vya nailoni ambavyo vinadumu muda mrefu na vinatosha kabisa kwa wanaoanza, hata hivyo shule hazina.

3. Shule

Hapa ndo panaponiuma zaidi. Shirikisho la Badminton Duniani lina programu ya shule inaitwa Shuttle Time, ipo tangu 2012, inamlenga mtoto wa miaka 5 mpaka 15, masomo yameshaandaliwa hatua kwa hatua na mwongozo ni bure, na imetengenezwa kwa ajili ya mwalimu wa kawaida ambaye hajawahi kushika raketi maishani. Huku wilayani kwetu walimu wa michezo tunaowafahamu hamna aliyewahi kuisikia. Michezo ya taifa ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, ikifika ni soka, netiboli, wavu, kikapu, mikono, riadha, na mtoto wangu wa badminton anaambiwa kama anataka kusafiri na timu ajaribu netiboli. Wengine wanajaribu kweli, tunawapoteza hivyo hivyo. Simlaumu mtoto. Mtoto anataka mashindano, anataka basi, anataka jezi na kuimbiwa na wenzie, sasa huku kwetu hana pa kwenda.

Wenzetu Kenya na Uganda badminton ipo kwenye michezo ya shule, na kwenye mashindano ya shule za Afrika Mashariki, yale ya FEASSSA, ipo. Angalieni Uganda basi. Mwaka 2024 timu yao ya wanawake, kina Husina Kobugabe, Gladys Mbabazi, Tracy Naluwooza na Fadilah Shamika Mohamed Rafi, ilichukua ubingwa wa Afrika ikaenda Chengdu, China, kucheza Kombe la Uber, lile la dunia la timu za wanawake, kwa mara ya kwanza. Wakapangwa kundi moja na Japani na Indonesia. Walifungwa ndio, nani asingefungwa, ila walikuwepo uwanjani! Miaka mingi kabla ya hao alitangulia Edwin Ekiring aliyeiwakilisha Uganda Olimpiki ya Beijing 2008, na mashindano ya kimataifa ya badminton ya watu wenye ulemavu yameshafanyika Kampala mara kadhaa. Hapo ni kuvuka tu mpaka wa Mutukula, hali ya hewa ileile, chakula kilekile.

4. Mchujo

Timu inapochaguliwa sisi tunaona majina tu. Hatujui mchujo ulifanyika lini, wapi, nani alicheza na nani. Sisemi waliochaguliwa hawafai, wengine nawajua ni wazuri na wanajituma, na wao wenyewe wangefaidika kama kila mtu angejua wameshinda nafasi zao uwanjani. Ila mtoto wa mkoani akikuuliza kocha nifanye nini ili niitwe, unamjibu nini? Mimi huwa sina jibu na inanifedhehesha mbele yake.

Korea Kusini mwaka 2017 kulikuwa na binti wa miaka 15, An Se-young, bado yuko sekondari ya chini. Akaingia kwenye mechi za mchujo wa timu ya taifa pamoja na wachezaji waliomzidi umri, akazishinda zote, basi, ikabidi achukuliwe. Hamna aliyeuliza baba yake ni nani. Paris 2024 akachukua dhahabu ya mmoja mmoja. Na siku hiyohiyo ya dhahabu alitoka mbele ya waandishi akalisema shirikisho lao hadharani, namna lilivyoshughulikia jeraha lake na namna wachezaji wanavyoendeshwa. Wizara yao ikafanya uchunguzi, na mwanzoni mwa 2025 rais wa shirikisho akabwagwa kwenye uchaguzi na Kim Dong-moon, mchezaji wa zamani mwenye dhahabu za Olimpiki. Nimelitaja hili kwasababu kuna makocha wenzangu wameogopa kuweka majina yao hapa wakidhani watoto wao watawekewa alama. Naomba wasiwekewe.

5. Makocha

Hili fupi. Wanaofundisha watoto wetu ni watu wa kujitolea waliojifunza kwa kuangalia video YouTube. Kozi ikija inafanyika Dar, taarifa inatufikia imeshaisha. Tupeni taarifa mapema, nauli tutachanga wenyewe.

Sasa najua mtakachojibu.

Mtasema hamna bajeti. Waheshimiwa, hatuombi uwanja wa AFCON. Viwanja vya AFCON 2027 tunavifurahia na tutaenda kushangilia kama Watanzania wengine. Lakini tangu 2023 tumeona Goli la Mama, ile zawadi ya Rais iliyoanza na shilingi milioni 5 kwa kila goli klabu zetu zilipokuwa zinacheza Afrika, na lilileta raha nchi nzima. Kiasi cha goli moja tu lile kinanunua neti, raketi za kuanzia na vinyoya vya nailoni vya shule kadhaa. Mfuko wa Maendeleo ya Michezo nao upo. Hatusemi soka inyang'anywe, tunasema na sisi tukumbukwe kwenye mgao hata mara moja.

Na hela sio lazima yote itoke serikalini. Thailand kulikuwa na kiwanda cha vitamu-tamu, wazazi wa binti mmoja walikuwa vibarua humo. Wenye kiwanda wakaanzisha shule ya badminton, Banthongyord, watoto wao na watoto wa wafanyakazi wakacheza pamoja. Yule binti, Ratchanok Intanon, akawa bingwa wa dunia 2013 akiwa na miaka 18. Shule hiyohiyo ndo imemtoa Kunlavut Vitidsarn, bingwa wa dunia 2023 na medali ya fedha Paris. Indonesia, klabu ya Djarum ya mji wa Kudus ilianzia kwa wafanyakazi wa kiwanda waliokuwa wanacheza kwenye jengo la kiwanda baada ya kazi, ikamtoa Liem Swie King aliyechukua All England, yale mashindano makubwa ya badminton ya Uingereza, mara tatu. Kile ni kiwanda cha sigara, na hilo silipendi kwa watoto, ila namna ilivyofanyika inaeleweka. Viwanda tunavyo, Dar, Tanga, Morogoro, Mwanza. Kuna magodauni makubwa yana dari ya juu na yanakaa matupu nusu mwaka. Mkubwa mmoja akipiga simu moja kwa mwenye godauni tunapata viwanja vinne ndani ya wiki, mimi nikipiga napokelewa na sekretari.

Kuna na hii ya "huo ni mchezo wa Wahindi." Hii imesemwa mbele yangu ofisini. Ndugu zetu Watanzania wenye asili ya India ndo waliotunza mchezo huu hapa nchini kwa miongo mingi, wamejenga kumbi kwa michango yao, na vinyoya vyao vya kutupwa ndo vinanifundishia watoto, kwahiyo badala ya kulisemea hilo vibaya tungewapa shukrani tukakaa nao meza moja tuombe siku mbili kwa wiki za watoto wa mtaani. Na hao India wenyewe wanatufundisha kitu. Pullela Gopichand baada ya kushinda All England 2001 alitaka kujenga akademi Hyderabad, serikali ya jimbo ikampa ardhi, hela hazikutosha akaweka rehani nyumba ya familia yake. Akademi ikafunguliwa 2008. Olimpiki ya 2012 mwanafunzi wake Saina Nehwal akapata shaba, 2016 P. V. Sindhu akapata fedha, na 2022 India ikabeba Kombe la Thomas kwa kuwafunga Indonesia 3-0. Makocha wa kuweka rehani nyumba hata hapa wapo, nawajua, wasichokuwa nacho ni mtu wa serikali wa kusema haya, ardhi hii hapa.

Wengine watasema huu mchezo sisi hatuuwezi, ni wa Waasia. Carolina Marín ametoka Huelva, Hispania, mji usiojulikana kwa badminton, alikuwa anacheza ngoma za flamenko, akiwa na miaka 14 akachukuliwa kwenda kituo cha taifa Madrid, akakaa na kocha mmoja Fernando Rivas miaka yote, akawa bingwa wa dunia mara tatu na dhahabu ya Rio 2016. Mtu mmoja, kocha mmoja, na nchi iliyokubali kumsubiri. Na sisi Septemba 2025 tumemuona Alphonce Simbu akichukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, kwahiyo habari ya kwamba Mtanzania hawezi tuiache.

Tunachoomba, kwa heshima zote:

Kwanza, kila ukumbi wa umma wenye mistari ya badminton ufunguliwe kwa watoto angalau jioni mbili za katikati ya wiki, bure au kwa bei ya umeme tu, na ratiba ibandikwe mlangoni ili mlinzi asituambie hana ruhusa. Hili halihitaji bajeti, linahitaji sahihi ya mtu mmoja.

Pili, badminton iingizwe kwenye michezo ya shule ya wilaya yetu na nyingine zilizo tayari, hata kwa kuanza na mmoja mmoja wavulana na wasichana, na walimu wapatiwe mafunzo ya Shuttle Time. Kwa shule zisizo na ukumbi kuna badminton ya nje, AirBadminton, iliyozinduliwa na shirikisho la dunia 2019, ina kinyoya chake kinachovumilia upepo na inachezwa kwenye mchanga, nyasi au sakafu ngumu. Pwani yote ya kuanzia Tanga mpaka Mtwara na Zanzibar tuna mchanga wa kutosha.

Tatu, mchujo wa timu zote za taifa, vijana na wakubwa, utangazwe miezi mitatu kabla, uwe wazi kwa mikoa yote, matokeo ya kila mechi yatolewe, na kama kocha ana nafasi za kuteua mwenyewe zisemwe ni ngapi na sababu ziandikwe.

Nne, vijana wachache wa miaka 12 mpaka 15 watakaofanya vizuri wawekwe pamoja wakati wa likizo, kambi hata ya wiki tatu, bweni la shule linatosha, na kocha mmoja awafuatilie kwa miaka minne bila kubadilishwa kila uongozi unapobadilika. Tukianza na watoto kumi na wawili tu inatosha.

Tano, tupewe mtu. Jina la afisa mmoja na namba ya ofisi ambaye tukipeleka barua ataigonga mhuri wa kupokelewa na tutabaki na nakala.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya muhula ujao wa shule kuanza, na tuko tayari kuja kwenye kikao siku yoyote ya jioni, wazazi wameshakubali kuja na watoto watakuja na raketi zao muwaone. Mkitaka kuja nyie ni vizuri zaidi, siku hizi tunafanyia mazoezi kwenye kiwanja cha saruji cha shule ya msingi kuanzia saa kumi na moja, upepo ukiwa mkali tunahamia nyuma ya madarasa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Kocha wa kujitolea, kwa niaba ya wazazi na makocha wenzake

Nakala: Wazazi wote, walimu wa michezo, na klabu zinazotupa vinyoya, asanteni sana